Barua ya Wazi: Saa ya Fundi Anayefundisha Ilipiwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, kwa Mheshimiwa Waziri wa Leba, kwa wakuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na kwa wakurugenzi wa viwanda vya kuunganisha magari vya Nairobi, Thika na Mombasa.

Waheshimiwa,

Mzee aliyenifundisha kazi amestaafu mwaka huu. Nafasi yake kwenye laini ya kuunganisha bodi za magari ilijazwa wiki iyo hiyo. Nafasi yake ya kufundisha haikujazwa, wala haitajazwa, kwa sababu katika karatasi za kampuni haikuwahi kuwapo. Hilo ndilo lililonifanya niwaandikie.

Mimi ni fundi wa bodi za magari. Nilizaliwa Voi, pale barabara kuu ya Mombasa inapoachana na ile ya Taveta, nikakulia kwenye gereji ya baba yangu chini ya mkwaju, malori yakiingia na kutoka mchana kutwa. Baba hakuwa na kifaa cha kupimia mkazo wa nati. Alikaza kwa mkono huku akisikiliza. "Sasa inalia," angesema, "iache hapo." Magurudumu ya wateja wake hayakuchomoka njiani, nami namtaja kwa heshima zote, maana ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Lakini nilipouliza kwa nini mwisho uwe pale na si zaidi kidogo, hakuwa na jibu la kunipa. Hata yeye hakuwahi kupewa.

Baada ya kidato cha nne nilipata jambo ambalo vijana wengi wa nchi hii hawalipati: mkataba wa uanagenzi wa miaka mitatu katika kimojawapo cha viwanda vyetu vya magari. Jina la kiwanda naliacha, kwa kuwa wenzangu waliopita kwingine wananisimulia yaleyale niliyoyaona mimi.

Miezi ya kwanza sikugusa gari. Nilipewa kipande cha chuma, tupa na jiliwa, nikaambiwa nikipige tupa hadi pande zake zote ziwe sawa na pembe zake ziwe mraba kamili. Nilidhani ni adhabu. Viganja vilitoka malengelenge, na kila nilipopeleka kipande changu, mzee alikiweka dhidi ya pembemraba, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha mwanga unaopenya. "Unauona ule, binti? Pale bado." Nilirudi kwenye jiliwa. Wiki ya tatu mwanga haukupenya tena, na tangu siku hiyo sijawahi kulitazama bamba la chuma kwa macho niliyokuja nayo kutoka Voi.

Wapo wanaosema, hata baadhi yenu mmewahi kusema hadharani, kwamba kuunganisha magari hakuna uhandisi ndani yake, ni kufunga bolti tu. Naomba niwaeleze kinachofanyika. Gari huja likiwa vipande ndani ya makasha kutoka ng'ambo. Mabamba ya kabini yanapangwa kwenye jigi, ile fremu nzito inayoyashikilia ili yasisogee hata unywele, kisha yanachomelewa kwa nukta. Kabini linasafishwa na kutumbukizwa kwenye dawa, linapakwa rangi ya kuzuia kutu kwa nguvu za umeme, linaokwa kwenye tanuri, linapigwa msasa na kupakwa rangi ya juu. Huku chesi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, inavalishwa ekseli, springi, mabomba ya breki na injini. Mwishoni kabini na chesi vinakutana, nyaya zinaungwa, gari linajazwa mafuta na kupelekwa kwenye roli za kupima breki, kisha linaogeshwa maji ya shinikizo ili ionekane kama linavuja. Kila hatua ina kipimo chake, na kila kipimo kina sababu yake. Anayejua kipimo bila sababu ni mtumiaji wa mashine. Anayejua vyote viwili ndiye mtu mnayesema mnamtafuta kila mnapozungumzia Kenya ya viwanda.

Mfano mmoja nitausimulia kwa kirefu kwa sababu hoja yangu nzima imo ndani yake.

Katika mwaka wangu wa pili niliwekwa kwenye bunduki ya kuchomelea nukta. Ncha zake mbili za shaba zinabana mabamba mawili ya chuma, mkondo mkubwa wa umeme unapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, chuma kinayeyuka pale katikati na kushikana. Kwa nje nukta zangu zilikuwa nzuri, za duara, zimejipanga kama shanga. Jioni mzee alichukua patasi, akaipenyeza katikati ya mabamba karibu na nukta moja, akapiga nyundo. Nukta nzima ya kweli huvuta chuma. Inakataa kuachia hadi bamba lenyewe lichanike. Yangu iliachia kama gundi ya bahasha. Akapiga ya pili. Ikaachia. Ya tatu.

Angeweza kuniambia sababu kwa sentensi moja, nasi tukaenda nyumbani. Hakuniambia. Alisema, "Kesho na kesho kutwa utatafuta. Mimi nitashika bunduki."

Kwa siku mbili nilipima kila kitu. Nilipima umeme, nikapima shinikizo la hewa, nikabadilisha mabamba, nikalaumu mafuta yaliyokuwa juu ya chuma. Siku ya pili alasiri ndipo nilipoziangalia ncha za shaba zenyewe, nikaziweka kando ya ncha mpya. Zangu zilikuwa zimebonyea na kutanuka kama kichwa cha uyoga. Umeme uleule uliokuwa ukipita kwenye eneo dogo sasa ulisambaa kwenye eneo pana, joto likapungua pale linapohitajika, chuma hakikuyeyuka vya kutosha. Nilimkimbilia mzee nikiwa nimeshika ncha mkononi. Alitabasamu, akatoa mfukoni daftari dogo lenye jalada jeusi, akanionyesha ukurasa aliouandika mwenyewe miaka mingi iliyopita: baada ya nukta ngapi ncha ichongwe upya kwa chuma cha unene upi. "Sasa andika na wewe," akasema, "ila kwa maneno yako."

Kabini nilizokuwa nimezichomelea zilirudiwa na hakuna gari lililotoka kiwandani na nukta zangu mbovu. Lakini kwa siku mbili mzee alifanya kazi yangu juu ya yake, laini yetu ikapunguza hesabu, na Ijumaa aliitwa ofisini akapewa barua ya onyo. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango. Nilimwona akitoka ameikunja barua na kuitia katika daftari lile jeusi, halafu akaniuliza kama nimeshachonga ncha.

Waheshimiwa, nimelibeba jambo hili kwa miaka. Fundi alionywa kwa sababu alifundisha. Msimamizi aliyemwandikia hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na hesabu ya magari ya kutimiza, na katika hesabu hiyo hapakuwa na mstari wa kufundisha. Kiwanda kilikuwa na mkataba nami, kilinipa overoli na posho, ingawa posho ilichelewa zaidi ya mara moja na wenzangu wawili wakashindwa kulipa chumba. Kilichokuwa hakijawekwa popote ni saa za mtu wa kunifundisha. Saa hizo zilitolewa na mzee mmoja kwa hiari yake, na akalipia.

Hayo yalikuwa yangu mimi niliyekuwa na mkataba wa miaka mitatu. Sasa fikirini juu ya wale wa atachmenti.

Kila muhula walikuja wanafunzi kutoka vyuo vya ufundi na vyuo vikuu, kila mmoja na miezi yake mitatu na kitabu chake cha kumbukumbu. Nilikuwa mwaka wa tatu alipokuja binti mmoja wa stashahada, mwepesi wa akili kuliko mimi, aliyejua kukokotoa mkondo wa umeme kichwani. Aliambiwa asimame nyuma ya mstari wa manjano. Ndipo aliposimama. Wiki mbili kwenye bodi, wiki mbili kwenye rangi, wiki mbili kwenye chesi, daima nyuma ya mstari, akiandika kwenye kitabu "nimejifunza kuchomelea", kitabu kikitiwa sahihi kila Ijumaa na mtu ambaye hakukisoma. Siku yake ya mwisho aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, naomba nishike bunduki ile mara moja tu. Nikiulizwa nyumbani nisiseme uongo." Nilimpa kipande cha chakavu wakati wa chakula cha mchana. Alichoma nukta nne. Nne, kwa miezi mitatu na nauli ya kila siku ambayo mamake alikopa.

Kiwanda kina sababu ya kumweka nyuma ya mstari. Laini haisimami, ajali ni ya kweli, na miezi mitatu haitoshi hata kumfikisha mtu mwisho wa kipande cha tupa. Kwa hiyo sisemi viwanda vilazimishwe kupokea wanafunzi wengi zaidi, kama inavyopendekezwa kila mwaka kwenye makongamano. Kuwaongeza watu nyuma ya mstari hakutoi fundi.

Ninachoomba ni kimoja, nacho ni hiki: saa ya fundi anayefundisha iandikwe, ipimwe na ilipiwe.

Fedha zipo mahali pa kuanzia. Kila mwajiri anatakiwa kutoa ada ya mafunzo ya viwandani ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, yaani 600 kwa mwaka. Kiwanda chenye watu 400 kinatoa shilingi 240,000. Mwajiri aliyetoa anaweza kurudishiwa gharama za kozi zilizoidhinishwa, na nimewahi kupelekwa kwenye kozi kama hizo: siku mbili katika ukumbi wa hoteli, projekta, chai na mandazi, cheti mwishoni. Sikuzidharau, nilijifunza mambo ya usalama kule. Lakini siku mbili za mzee na zile ncha za shaba zilikuwa kozi bora kuliko zote nilizokaa, na hakuna fomu niliyowahi kuiona yenye nafasi ya kuziandika. NITA itengeneze fomu hiyo. Saa nne kwa wiki za fundi mwenye sifa, mbele ya mwanagenzi aliye na mkataba, kwenye benchi lililotengwa nje ya laini, zihesabiwe kuwa kozi iliyoidhinishwa na mwajiri arudishiwe. Na hesabu ya magari ya fundi huyo ipunguzwe kwa saa hizo kwa maandishi, ili asiwe na barua ya kukunja.

Kwa nini nasema fundi mwenye sifa? Kujua kazi na kujua kuifundisha ni vitu viwili. Septemba mwaka 2024 serikali yetu ilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira na Ujerumani, na tangu hapo vijana wengi wanajifunza Kijerumani wakitumaini kwenda kuwa wanagenzi kule. Kule mwanagenzi wa mekatroniki ana mkataba wa miaka mitatu na nusu, analipwa, anagawanya muda wake kati ya kiwanda na chuo, na anayemsimamia kiwandani kwa kawaida lazima awe amethibitishwa kwamba anaweza kufundisha. Kuna mtihani wa hilo. Mhandisi hodari asiyejua kumwelekeza mtoto hapewi mtoto. Nawatakia heri wadogo zangu wanaokwenda. Ila inaniuma kwamba tunawapeleka mbali kukitafuta kitu ambacho mzee wangu alikuwa nacho mfukoni, akakitoa bure, akaonywa.

Sheria si tatizo. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani imekuwapo kwa miongo, na uanagenzi umo ndani yake kwa jina. Tatizo moja ninaloliona kutoka chini, nanyi mtanirekebisha kama nimekosea, ni kwamba mwanagenzi ana wazazi wawili wasioketi meza moja. Vyuo viko chini ya Wizara ya Elimu, NITA iko chini ya Wizara ya Leba. Chuo kikimwita darasani wakati kiwanda kinamhitaji kwa mtihani wa daraja, ule wa kupima ujuzi wa fundi, yeye ndiye anayekimbia huku na huko na karatasi. Nilikosa mtihani mmoja wa daraja hivyo, nikasubiri mwingine kwa miezi.

Kuna jambo jingine nitalisema kwa ufupi, kwa kuwa lina tiba rahisi na kila anayelisikia hukubali kisha husahau. Nilikuwa msichana wa pekee katika kundi letu. Buti ndogo kabisa iliyokuwa stoo ilinizidi namba mbili, nikavaa soksi tatu. Choo cha wanawake kilikuwa katika jengo la ofisi, na kwenda na kurudi kulikula robo saa iliyohesabiwa kuwa uvivu wangu. Agizeni buti za kila namba. Jengeni choo karibu na laini. Wasichana watakuja.

Kuhusu haraka ya jambo hili. Viwanda vyetu vikongwe vya Nairobi, Thika na Mombasa vilianzishwa katikati ya miaka ya 1970. Vina takriban nusu karne. Waliofundishwa na waanzilishi wanatoka sasa, mmoja baada ya mwingine, wakiwa na keki na saa ya ukutani, na wanatoka na madaftari yao. Wakati huohuo kazi inabadilika. Tangu mwaka 2024 mabasi ya umeme yanaunganishwa Thika. Nimesimama karibu na chesi ya gari la umeme na kuziona kebo zake za rangi ya machungwa, rangi inayomwambia fundi kwamba humo mna volti mamia kadhaa. Nukta yangu mbovu iliachia patasi, tukajifunza. Kebo ile haimpi mtu nafasi ya pili. Mwanafunzi anayesimama nyuma ya mstari wa manjano kwa miezi mitatu, kisha akaajiriwa karakana fulani na kukabidhiwa betri ya basi, huyo tumemweka hatarini sisi wenyewe.

Wengi wenu mnalikumbuka gari la Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, na mwaka 1990 likaonyeshwa kwa wananchi. Halikufika sokoni, na hadithi yake husimuliwa kama hadithi ya kushindwa. Mimi niliisikia tofauti, kwa mzee. Alisema kutoka katika mradi ule nchi ilibaki na karakana ya mashine za kukata vyuma pale Nairobi, na muhimu zaidi, ilibaki na watu waliowahi kujiuliza swali kutoka mwanzo, bila kasha la ng'ambo lenye maelekezo. Gari liliisha lakini wale watu walifundisha wengine. Sijui ni wangapi kati yao walilipwa kwa saa hizo.

Kwa wakurugenzi wa viwanda, nina neno lenu peke yenu. Najua mnachoogopa: mnamfundisha kijana miaka mitatu, halafu anachukuliwa na jirani au anafungua gereji yake. Ni kweli, hutokea. Katika kundi letu la wanagenzi tuliomaliza, ni wachache tuliobakizwa, na walioondoka hawakuondoka kwa kupenda, nafasi hazikutangazwa. Mmoja sasa ana karakana ya kunyoosha bodi Changamwe, na magari mnayoyauza nyinyi yakigongwa, ndiye anayeyarudisha barabarani yakiwa na nukta zinazoshika. Jina lenu linabebwa na mikono yake. Hamkumpoteza.

Na kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu: serikali imeanza kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi wa jua kali apimwe na kupewa cheti bila kurudi shule. Nimefurahi mno kwa ajili ya watu kama baba yangu. Tafadhali hatua hiyo iende mbele kidogo. Aliyepimwa na kuonekana anaijua kazi, apewe pia njia ya kupimwa kama anaweza kuifundisha. Chini ya mikwaju ya nchi hii kuna walimu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mzee alinikabidhi daftari lake jeusi siku aliyoondoka. Ndani mna vipimo vya kuchonga ncha, mpangilio wa kukaza bolti za kichwa cha injini, michoro ya jigi kwa penseli, na katikati, ile barua ya onyo, bado imekunjwa mara nne. Niko tayari kulileta ofisini kwa yeyote kati yenu, siku yoyote ya kazi, tulipitie ukurasa kwa ukurasa. Nitaomba tu lirudi mkononi mwangu jioni, kwa kuwa nina mwanagenzi anayelitumia.

Wenu katika kazi,

Mwanagenzi wa zamani,
Voi.